Neno Lililokosa Pumzi

Lodwar,
9 Oktoba 2023

Shangazi Khairiya,

Nakubusu mkono wa kulia na wa kushoto, ingawa mikono yenyewe iko Kuze nami niko huku ambako hata kivuli chatafuta kivuli. Assalaam alaykum. Sisi ni wazima. Mume wangu Ishaq amepona homa yake na amerudi dukani, watoto wanakua mpaka viatu haviwakai. Nawe je? Mguu bado wakusumbua? Masikio siyaulizi, najua utaniambia yamekwenda na hayakuaga.

Shuleni ni vituko. Wanafunzi wangu wananicheka nikisema. Wao paa ni paa tu, la nyumba au wa mwituni, mamoja. Basi nikawafanyia alivyotufanyia Bibi: nikawaambia kila mtu aweke kiganja mbele ya mdomo. Ukimtaja paa wa mwituni, pumzi inakupiga kiganjani. Ukitaja paa la nyumba, kiganja hakihisi kitu. Kutwa nzima darasa lilikuwa likipuliza mikono kama watu wanaopoza uji. Mwalimu mkuu akachungulia dirishani akadhani wana wazimu.

Nina haja mbili, Shangazi. Ya kwanza ni ya raha. Natunga kitabu cha ngano kwa watoto, za Mvita ya kale, ya majini na masultani na bahari zenye hasira. Nimeikumbuka ile ya Bibi ya chungu kilichozibwa. Lakini mimi ninao mkia tu, kichwa nimekipoteza. Wewe umeisikia mara nyingi kuliko mimi. Niandikie.

Ya pili si ya raha. Mejumaa amenipigia simu. Namshukuru Mungu kwa jirani kama yule, maana wewe hukunambia kitu. Amesema wahandisi walikuja wakaikagua nyumba, wakatia alama nyekundu mlangoni. Shangazi, alama ile maana yake watu watoke. Ukuta wa upande wa msikiti umefumuka, Mejumaa asema mkono unapita. Njoo kwetu. Chumba kipo, kina dirisha, watoto wana hamu na shangazi yao wa hadithi. Tafadhali usingoje mvua.

Mwanao,
Nishat

*

Kuze, Mombasa,
11 Novemba 2023

Nishat, binti wa kaka yangu,

Wa alaykum salaam na rehema zake. Mikono imebusiwa, wa kushoto ukaona haya. Mguu wauma, lakini ni wangu, siwezi kumpa mtu. Masikio, kama ulivyosema. Watu wakinisemesha naona midomo yaenda tu kama samaki wa kwenye ndoo, nami natikisa kichwa, na siku nyingine nimekubali mambo nisiyoyajua. Ile simu uliyoniletea nimempa Mejumaa, herufi zake ni za sisimizi. Ukitaka kusema nami chukua kalamu.

Mvua zimeanza. Ndizi za soko la Marikiti zafika zimeoza. Bi Mejumaa nimemgombeza kwa kukupelekea maneno, akalia, nikampa chai, yamekwisha. Alama yao nimeisugua kwa sabuni na mchanga. Haitoki.

Haya, ngano yako. Nakuandikia baada ya magharibi, maana wajua mama, bibi yako, alivyokuwa: ngano haisimuliwi mchana. Anayesimulia mchana huota mkia. Hata ukimlilia, hata ukigaagaa chini, jibu lake lilikuwa moja, ngoja jua lizame.

Paukwa. Itikia huko huko uliko.

Zamani, Mvita ilikuwa na soko ambalo usiku uliuzwa kwa vibaba. Tajiri alinunua usiku mrefu akalala mpaka akachoka, na maskini alipata ukope tu wa giza, afumbe jicho afumbue, kumekucha. Katika mji huo alikuweko mfinyanzi mjane na bintiye, jina lake Mize. Walikuwa maskini hata ndoto zao zilikatika katikati.

Sultani wa zama hizo alikuwa na kiburi. Siku moja aliteremka pwani, wimbi likamrowesha kanzu mpya. Akageuka mbele ya watu akaitukana bahari, akaiita maji ya kunawia miguu. Bahari ikasikia. Ikakusanya nguo zake, ikaondoka. Maji yakapwa, yasijae tena. Samaki wakabaki wanatazamana. Kisiwa hakikuwa kisiwa, na mbuzi wa bara wakaja kwa miguu yao wakala makuti ya nyumba za watu.

Sultani akapiga mbiu: atakayeirudisha bahari atapewa usiku wote wa mji awe nao. Vijana wakaenda na farasi, wanavyuoni na vitabu. Wote wakarudi na tope. Mize akaenda na miguu yake. Akatembea chini kulikokuwa vilindi, mpaka akamkuta mwanamke wa kijini amekaa juu ya nanga, aichana mikoko nywele. Mize akampokea chanuo, akamsaidia. Yule jini akampa chungu kilichozibwa mdomo kwa udongo, hakina hata pa kuchungulia. Akamwambia, "Kilichomo humu ndicho kitakachoirudisha bahari. Lakini usikifungue kwa mkono. Kitaje jina lake mbele ya sultani."

Mize akarudi kwa jua la kutwa bila tone la maji. Akakitua chungu mbele ya sultani. Sultani akasema, "Taja. Ukikosea, kichwa chako nitakifanya kinara." Mize akatega sikio kwenye chungu. Akasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Akajua. Akafungua mdomo wake...

Na hapo mama alikuwa akinyamaza, amalize kahawa yake, aseme, "Kesho." Kesho yake aanze upya na akatize pale pale. Mimi nimeisikia utotoni, nimeisikia ujanani, na mkia wake sijaupata mpaka leo. Alikuwa akisema wa kupewa mkia ni mdogo zaidi wa nyumba, na mdogo zaidi alikuwa kila mara mwingine. Wa mwisho ulikuwa wewe. Basi nambia. Chunguni mlikuwa na nini?

Kuhusu chumba, ahsante.

Shangazi yako,
Khairiya

*

Lodwar,
20 Desemba 2023

Shangazi wangu mwenye hila,

Pakawa! Nimeitikia mpaka watoto wakaamka. Assalaam alaykum. Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, Ishaq akaacha chakula kikapoa. Usiku kuuzwa kwa vibaba nilikuwa nimeusahau kabisa, na huyo jini kuchana mikoko nywele. Kweli mimi natunga, lakini Bibi alikuwa akiona.

Lakini nimehesabu mistari, Shangazi. Ngano imepata ukurasa mzima na nusu. Nyumba imepata "ahsante".

Mejumaa amenambia tena, na ukimgombeza namnunulia kitambaa cha machozi. Amesema mvua za Novemba zilikata boriti ya chumba cha juu, kwamba walala chini ukumbini na ndoo tatu zimekuzunguka, na kwamba ile nyumba ya pembeni ya Kibokoni imeanguka mchana kweupe ikamfunika mtu na baiskeli yake. Yako ni kongwe kuliko ile.

Basi na mimi nitafanya kama Bibi. Mkia wa ngano ninao, mtamu ajabu, utacheka mpaka ubanwe mbavu. Sikuandikii. Njoo uupokee hapa kwa mdomo wangu, nitakuandikia ubaoni ukiwa umekaa. Ukikataa, ufe na hamu yako.

Nimeandika neno hilo kwa mzaha, kisha nikalitazama, likanitisha. Sitalifuta ili uone nilivyo. Shangazi, mimi naogopa. Kila simu ikilia nafikiri ni Mejumaa. Nipe sababu moja tu ya kukaa ndani ya nyumba inayokuangukia. Ikiwa ni sababu nitanyamaza. Una miaka yote hiyo hukulala nje ya nyumba ile hata kwa harusi yangu. Ulikuja Majengo ukala biriani ukarudi kabla ya magharibi. Kwa nini?

Mwanao,
Nishat

*

Kuze,
3 Februari 2024

Nishat,

Alaykumu salaam. Barua yako niliisoma, nikaitia chini ya godoro, nikailalia kwa hasira mpaka Rajabu ikaingia. Kumwambia mtu mzima "ufe na hamu yako", hata kwa mzaha, hukulelewa hivyo. Mamako angekuwa hai ningempelekea mashtaka. Sasa sina wa kumshtakia, nakusamehe mwenyewe.

Mejumaa ameozesha bintiye, nimeshona mto wa maharusi. Paka wa jirani zangu kina Dzoro amezaa ndani ya kabati langu. Mafuta ya taa yamepanda. Hizo ndizo habari.

Umetaka sababu. Sijapata kumwambia mtu yote, hata babako hakuijua yote.

Alikuweko Gaffar, fundi saa, duka lao lilikuwa Mtaa wa Biashara. Wewe humkumbuki, alikuwa akikupa vioo vya saa vilivyovunjika ucheze navyo. Aliniposa. Kwao walikwisha hamia Maskati, naye alibaki nyuma kwa ajili yangu, anichukue twende. Kila mtu aliridhika. Mama peke yake hakusema ndiyo wala la. Ukimuuliza Maskati, ajibu, "Tutaona." Nami nilikuwa nimemwambia Gaffar, bila neno la mama siendi.

Kisha mama akalala kitandani hakuinuka. Siku ile ya mwisho alikuwa hajanambia neno tangu alfajiri. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Nilikuwa jikoni namchemshia maji. Nikaja na birika, nikasimama mlangoni. Mama akafungua macho, akatazama mlangoni, akanitazama mimi, wallahi mimi, akasema neno moja. Akasema, "Kaa."

Basi. Akageukia ukutani. Tulimzika kabla jua halijazama.

Na wewe ulikuwemo chumbani, mtoto huna akili, ukaangua kicheko. Nilikuchapa kofi, na kofi lile sijalijutia.

Sasa umejua. Gaffar nilimwambia, mama amesema nikae. Akanyamaza muda, akasema, neno la mzazi halivunjwi. Alikuwa mtu wa dini. Alikwenda zake, akaoa huko. Mwaka juzi nilipata habari amefariki, nikamsomea Yasini kama Mwislamu mwenzangu yeyote. Wengine waliokuja kuniposa nao niliwajibu hivyo hivyo, mpaka wakakoma kuja. Si kwamba sikulia. Nililia. Lakini nilikuwa nikilala usingizi wangu vizuri, Nishat, maana nilijua niko pale nilipoambiwa niwe. Wamama wa mtaa huu wakinipita na mabinti zao husema, "Mtazame Bi Khairiya, alishika neno la mamake." Hicho ndicho nilichonacho.

Wewe wanambia ukuta umefumuka. Najua, nauona. Boriti zangu ni vizee kama mimi. Mama hakusema kaa mpaka ukuta ufumuke. Alisema kaa.

Sasa nyamaza kama ulivyoahidi. Na mkia wa ngano yangu uniletee.

Khairiya

*

Lodwar,
2 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Ramadhani imetubakishia kumi lake la mwisho, Mungu atupokelee. Watoto wamefunga, yule mdogo afunga mpaka saa nne kisha atangaza amefunga. Ishaq akusalimu sana.

Umeona tarehe. Nimekaa na barua yako miezi miwili. Nimekujibu mara nyingi nikachana. Niliahidi kunyamaza na nilitaka kunyamaza, Mungu anajua. Lakini masika ndiyo hii yaja, wanasema itakuwa kubwa, na kila nikiinua kalamu kukuandikia habari za mbuzi na shule nasikia ukuta. Nikinyamaza na ule ukuta ukakuangukia, nitakuwa nimekuua kwa adabu. Nikisema, sijui nitakuwa nimefanya nini. Ishaq ameniambia, "Funga kinywa chako." Kwa mara ya kwanza simtii.

Wataka mkia wa ngano. Huu hapa.

Mize alifungua mdomo akataja kilichomo chunguni: kaa. Kaa wa majini, yule wa magando, anayekwaruza. Lakini alikuwa ametembea jua la kutwa, koo limekauka, na hofu imembana kifua. Pumzi hakuwa nayo. Neno likatoka bila pumzi. Sultani hakusikia mnyama. Alisikia amri: kaa! Kaa kitako! Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumwamuru, na kwa mshangao akatii. Akakaa. Akakaa juu ya chungu. Kikapasuka, kaa akatoka, akamshika makalio ya kifalme kwa magando yote mawili. Sultani akapiga ukelele uliofika mpaka bahari ilikojificha. Bahari ikaja mbio kutazama ni nani aliyemweza. Ilipoona, ikacheka, na mpaka leo haijamaliza kucheka, ndiyo mawimbi.

Bibi alinisimulia mkia huu mara moja tu. Ulikuwa mchana.

Nilikuwa nikimsumbua tangu asubuhi. "Bibi, chunguni mna nini?" Yeye atikisa kichwa, ngoja jua lizame. Kisha wewe ulipokwenda jikoni akaniita kwa kidole. Nafikiri alijua kuzama kwa jua hakutamkuta. Akanong'ona yote, neno baada ya neno, anapumzika, anaendelea. Aliona haya kusimulia mchana, Shangazi, yeye na ukali wake. Alipofika pa sultani kupiga ukelele akanituma nikakae kizingitini nitazame watu wazima wasije wakatufuma. Nikaenda nikakaa. Lakini nilikuwa mtoto, nilikuwa sijaelewa kilichomuuma sultani. Nikamuuliza kutoka pale mlangoni, "Lakini Bibi, chunguni mlikuwa na nini?"

Nilipokwisha kuuliza ndipo nikahisi magoti yako yakinigusa mgongo. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na birika.

Akatazama mlangoni. Akanijibu. Nami nikacheka kwa sababu ndipo nilipoelewa, na kwa sababu yeye mwenyewe alilisema bila pumzi, kama Mize. Nilidhani alifanya makusudi ili nicheke.

Kofi lako nililikumbuka, lakini sikujua ni la nini. Nilidhani ni kwa sababu nilisikiliza ngano mchana.

Hakukwambia ukae, Shangazi. Hakukwambia kitu. Naapa kwa mwezi huu tulio nao. Toka katika nyumba ile. Nimekukatia tikiti ya basi, Mejumaa anayo. Njoo unichape kofi jingine, nitakupa shavu.

Nishat

*

Lodwar,
18 Mei 2024

Shangazi,

Assalaam alaykum. Idi imepita sikupata salamu yako. Mvua tumeziona kwenye habari, barabara zimekatika kila mahali, labda barua zimelala njiani. Simu ya Mejumaa haipatikani. Nimempigia mtu wa duka la Kuze, akasema mlango wako umefungwa kwa kufuli, wala hajui zaidi.

Hata kama umenikasirikia, andika neno moja. Andika "nimekasirika". Au mpe Mejumaa karatasi tupu aitie posta, nitaelewa.

Mwanao, ukipenda,
Nishat

*

Majengo, Mombasa,
7 Julai 2024

Nishat mwanangu,

Wa alaykum salaam. Usilie, mimi ni mzima. Barua zako zote mbili zimefika, ya pili ilifika Kuze ikazunguka mtaani ndipo ikanijia. Simu ya Mejumaa iliingia maji. Kidato gani sasa wasomesha? Mdogo bado afunga mpaka saa nne? Mpe busu langu. Ishaq nimsalimie vipi, mwambie tu shangazi amesema ana akili.

Barua yako ya Ramadhani niliisoma nikaikunja. Nikaenda mbele ya kioo cha mama, nikaweka kiganja mbele ya mdomo. Nikalitaja lile neno, kwa pumzi na bila pumzi. Mimi kiziwi, sikusikia lolote, kiganja ndicho kilichonisikilizia. Kisha nikajaribu kulisema kama mtu anayekufa, kwa kifua kitupu. Nikajua wasema kweli. Na nikakuona, mgongo wako, vile vibwenzi vyako viwili vya nywele, mbele ya magoti yangu. Ulikuwa hapo. Miaka yote hii nikikumbuka mlango ule nilikuwa nimesimama peke yangu.

Wala sikuweza kulidhani, maana ilikuwa mchana. Yeyote mwingine ningedhani. Mama, na ngano, mchana! Lo.

Basi nikatoka. Wiki ile ile, kabla ya Idi. Sikuwa na sababu ya kukaa, nikatia nguo kwenye gunia, nikafunga mlango. Niko kwa Mejumaa, naye amehamia huku Majengo, chumba cha uani, amenisamehe kodi kwa maneno matamu na mimi namkunia nazi. Watoto wa hapa wanipigia kelele nisizozisikia. Ni watu wema.

Na nyumba haikuanguka. Masika yote ile, Makupa kote maji, kuta za watu zimelala, na ule ukuta wangu umesimama na ufa wake. Nilikwenda jana kuitazama. Nimesimama nje kama mgeni. Akapita mama mmoja na bintiye, akaniamkia kwa heshima, midomo yake nikaisoma, akimwambia mtoto habari zangu zile zile. Nilitaka kumzuia. Nimwambie nini? Kwamba mwanamke huyu aliishi vile kwa ajili ya kaa wa majini? Nikatikisa kichwa kama nifanyavyo nisiposikia, nikaondoka.

Usiku nafikiri habari za Gaffar. Zamani sikuwa nikimfikiri, nilikuwa nimemweka mahali pake pamoja na neno la mama, vimetulia vyote viwili. Sasa ametoka. Nafikiri jinsi alivyonyamaza kabla ya kujibu. Labda alikuwa akingoja nicheke.

Tikiti ya basi usinikatie nyingine. Lodwar siji, wala si ukaidi, ukaidi wangu umekwisha. Zamani ukiniita nilikuwa na mahali pa kukataa kutoka. Sasa hapa, huko, Maskati, pote ni mamoja, na mtu ambaye pote ni mamoja kwake hasafiri. Naamka, nasali, nakuna nazi.

Kitabu chako kitoe. Ngano ni nzuri, watoto watacheka. Mimi sikucheka, lakini naona mahali pa kucheka ni wapi.

Sina hasira nawe, Nishat. Ulitaka nisife. Lakini nikwambie hili, kisha tusilitaje tena. Kazi yako ni uongo mtamu. Umewatungia watoto wa watu ambao hukuwazaa, majini na masultani, usiku wa vibaba. Mimi niliyekulea nilikuhitaji uniongopee mara moja tu katika maisha yako. Ungeniandikia kwamba chunguni mlikuwa na chura, ningekuamini.

Shangazi yako,
Khairiya